Makazi ya Mgeni Katika Mji wa Babati: Upangaji, Umiliki na Mipaka ya Sheria ya Ardhi ya Tanzania

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna mtu asiye raia wa Tanzania anavyoweza kupata makazi katika mji wa Babati, mkoani Manyara. Yanachambua Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, pamoja na sheria nyingine zinazogusa upangaji na ukaazi. Hoja kuu ni kwamba usalama wa makazi ya mgeni hautokani na kununua ardhi, jambo ambalo sheria hairuhusu kwa ajili ya makazi, bali unatokana na mkataba wa upangaji ulioandikwa vizuri na kuoanishwa na kibali chake cha ukaazi. Ununuzi kwa jina la kuazima hauleti usalama huo, na madhara yake huwafikia wenyeji pia.

1.0 Utangulizi

Babati ni makao makuu ya Mkoa wa Manyara, uliomegwa kutoka Mkoa wa Arusha mwaka 2002. Mji huu umo kwenye njia kuu inayounganisha Arusha na Dodoma, na unapakana na Ziwa Babati na Mlima Kwaraa. Kupanda kwake hadhi kuwa makao makuu ya mkoa kulileta ofisi, watumishi na wafanyabiashara, na hivyo kuongeza mahitaji ya nyumba. Kukamilika kwa barabara ya lami ya Dodoma hadi Babati, iliyozinduliwa mwaka 2018, kuliuweka mji karibu zaidi na makao makuu ya nchi.

Wageni kutoka nje ya nchi si jambo jipya katika eneo hili. Programu ya usimamizi wa ardhi iliyofadhiliwa na Sweden, iliyojulikana kwa kifupi LAMP, ilifanya kazi wilayani Babati kwa miaka mingi, na msitu wa Duru-Haitemba ulivutia watafiti wa usimamizi shirikishi wa misitu kuanzia miaka ya 1990. Watafiti, wamisionari, watumishi wa mashirika na wenzi wa ndoa wa raia wamekuwa wakihitaji nyumba, wengine kwa miezi michache, wengine kwa miaka.

Hata hivyo, maelezo kuhusu makazi ya wageni nchini hujikita zaidi Dar es Salaam, Arusha na Zanzibar. Katika mji wa kiwango cha Babati, nyumba hutafutwa kwa kuulizia kwa jamaa, kwa dalali au kwa mwenyekiti wa mtaa, na makubaliano mengi hufungwa kwa mdomo. Pengo kati ya desturi hiyo na matakwa ya sheria ndilo linalochunguzwa hapa.

2.0 Msingi wa kisheria wa umiliki

Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi, ardhi yote ya Tanzania ni mali ya umma iliyo chini ya Rais kama mdhamini kwa niaba ya wananchi. Anachomiliki mtu ni haki ya kukalia na kuitumia ardhi, ambayo ikitolewa kwa hati yenye muda haiwezi kuzidi miaka 99. Kwa hiyo neno "kununua kiwanja", linalotumika sana katika mazungumzo ya kila siku, lina maana ya kuhamishiwa haki hiyo pamoja na maendelezo yaliyomo.

Kifungu cha 20 kinaeleza kwamba mtu asiye raia hatagawiwa ardhi isipokuwa kwa madhumuni ya uwekezaji. Ardhi ya aina hiyo hutengwa na kukabidhiwa chombo cha uwekezaji, ambacho humpatia mwekezaji haki isiyo ya asili, yaani haki inayochipuka kutoka katika haki ya mwingine. Kwa miaka mingi chombo hicho kilikuwa Kituo cha Uwekezaji Tanzania, ambacho majukumu yake yalihamishiwa mwaka 2025 kwa Mamlaka ya Uwekezaji na Maeneo Maalumu ya Kiuchumi. Kifungu hicho hicho kinaihesabu kampuni ambayo wanahisa wake walio wengi si raia kuwa nayo si raia. Kusajili kampuni kwa lengo la kununulia nyumba ya kuishi, kwa hiyo, hakubadilishi hali ya mgeni.

Mkazo huu una historia yake. Mashamba makubwa ya walowezi yaliyoanzishwa wakati wa ukoloni, na migogoro ya muda mrefu kati ya wawekezaji na wanavijiji katika Bonde la Kiru wilayani Babati, vimeifanya ardhi kuwa suala nyeti kwa wakazi wa eneo hili. Masharti yanayoonekana kwa mgeni kuwa kikwazo yanaonekana kwa mkulima jirani kuwa kinga.

3.0 Mpaka kati ya mtaa na kijiji

Sheria inagawa ardhi katika makundi matatu: ardhi ya jumla, ardhi ya kijiji na ardhi ya hifadhi. Mgawanyo huu una uzito wa pekee Babati, kwa sababu Halmashauri ya Mji inajumuisha mitaa ya mjini na pia maeneo ya pembezoni yenye sura na utawala wa kijiji. Kata kama Babati na Bagara zina viwanja vilivyopimwa na nyumba nyingi za kupangisha. Kata kama Bonga na Sigino bado zina mashamba mapana.

Ardhi iliyo ndani ya mipaka ya kijiji husimamiwa na halmashauri ya kijiji chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji, na hatimiliki ya kimila hutolewa kwa raia. Mgeni anayeoneshwa nyumba nzuri pembezoni mwa mji anapaswa kwanza kujua kama ardhi hiyo ni ya mtaa au ya kijiji, na kama anayejitambulisha kuwa mwenye nyumba ana hati, barua ya toleo au haki ya kimila inayotambuliwa. Kwa ardhi iliyosajiliwa, upekuzi katika ofisi ya msajili wa hati huonesha jina la mmiliki na kama kuna rehani. Kwa ardhi isiyosajiliwa, ushahidi wa majirani na viongozi wa eneo ndio unaobaki.

Jambo jingine ni ziwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za maziwa na mito. Mafuriko ya Ziwa Babati ya mwaka 1990 yalidhihirisha kwamba katazo hilo linahusu usalama wa watu sawasawa na uhifadhi wa mazingira. Nyumba yenye mandhari ya ziwa inaweza kuwa nyumba isiyopaswa kuwepo.

4.0 Upangaji kama njia halisi ya makazi

Kwa kuwa umiliki kwa ajili ya makazi umefungwa, njia iliyobaki ni upangaji. Sheria ya Udhibiti wa Kodi za Pango ya mwaka 1984 ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo uhusiano wa mwenye nyumba na mpangaji unaongozwa zaidi na Sheria ya Ardhi na mkataba wenyewe. Hakuna bodi inayopanga kiwango cha kodi; kinachomlinda mpangaji ni maneno aliyokubaliana.

Sheria ya Ardhi inatambua upangaji wa muda mfupi, usiozidi mwaka mmoja, ambao unaweza kufanywa kwa mdomo au kwa maandishi bila kusajiliwa. Pale ambapo muda haukutajwa, upangaji huhesabiwa kwa kipindi cha malipo ya kodi, na notisi ya kuuvunja haipaswi kuwa fupi kuliko kipindi hicho. Hivyo anayelipa kila mwezi anastahili notisi ya mwezi mmoja angalau. Ingawa mdomo unatosha kisheria kwa muda mfupi, methali isemayo mali bila daftari hupotea bila habari inabaki kuwa ushauri wa busara, hasa pale mwenye nyumba anapotaka kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo.

Mkataba ulioandikwa unapaswa kutaja wahusika, muda, kodi na namna ya kuilipa, anayegharimia matengenezo, mgawanyo wa bili za maji na umeme hasa pale ambapo mita moja inatumiwa na wapangaji kadhaa, na utaratibu wa kurejesha kodi iliyolipwa kabla. Aidha, mkataba usiolipiwa ushuru wa stempu haupokelewi mahakamani kama ushahidi mpaka dosari hiyo irekebishwe. Kanuni za matumizi ya fedha za kigeni za mwaka 2025 nazo zinakataza bei za ndani ya nchi kutajwa au kulipwa kwa fedha za kigeni. Kodi ya nyumba Babati hupangwa na kulipwa kwa shilingi, hata kama mpangaji analipwa mshahara kwa dola.

Muda wa mkataba unapaswa pia kulingana na kibali cha ukaazi. Vibali vimegawanyika katika daraja A kwa wawekezaji na waliojiajiri, daraja B kwa walioajiriwa, na daraja C kwa makundi mengine, wakiwemo watafiti, wanafunzi na wamisionari. Mgeni aliyelipa kodi ya mwaka mzima wakati kibali chake kimebakiza miezi minne amebeba hatari ambayo kifungu kimoja cha kurejesha fedha kingeiondoa.

Hata hivyo, kuna utata ambao haujazungumzwa vya kutosha. Tafsiri ya haki isiyo ya asili katika Sheria ya Ardhi inajumuisha upangaji, na kifungu cha 19 kinamruhusu asiye raia kupata haki ya aina hiyo kwa ajili ya uwekezaji. Kikisomwa neno kwa neno, kifungu hicho kingeweza kumweka mpangaji wa kigeni wa nyumba ya vyumba viwili nje ya sheria. Utendaji hauendi hivyo: wageni hupanga nyumba waziwazi, na anwani ya makazi ni sehemu ya kawaida ya taarifa zao za uhamiaji. Lakini desturi inayovumiliwa si sawa na haki iliyoandikwa, na pengo hili linaweza kutumiwa na upande wowote pindi mgogoro unapotokea.

5.0 Jina la kuazima

Baadhi ya wageni hujaribu kukwepa katazo kwa kununua kiwanja kwa jina la rafiki, mfanyakazi au mwenzi aliye raia. Mfano wa kubuni unaonesha matokeo yake. Mgeni anatoa fedha, rafiki raia anaandikishwa kuwa mmiliki, na hati ya siri inaeleza kwamba mwenye mali halisi ni mgeni. Rafiki anafariki. Warithi wake wanaiona hati yenye jina la marehemu, nao hawajui lolote kuhusu makubaliano ya siri. Mgeni akienda kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba, hati anayoitegemea ndiyo inayothibitisha kwamba lengo lilikuwa kukwepa sheria. Na kifungu cha 23 cha Sheria ya Mikataba kinabatilisha makubaliano yenye lengo lisilo halali.

Hasara haiishii kwa mgeni. Familia ya marehemu hujikuta katika shauri la miaka mingi kuhusu nyumba wanayoishi, na mwenyekiti wa mtaa aliyeshuhudia mauzo huitwa kueleza alichokijua. Kwa wanandoa hali ni tofauti kidogo: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inalinda nyumba ya familia dhidi ya kuuzwa au kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenzi. Ulinzi huo, hata hivyo, ni wa kukaa na kushirikishwa. Haumpi mwenzi wa kigeni hatimiliki.

Kundi jingine ni wazaliwa wa Babati waliochukua uraia wa nchi nyingine. Kwa kuwa Tanzania hairuhusu uraia pacha kwa watu wazima, hao nao huhesabika kisheria kuwa wageni katika ardhi ya wazazi wao. Mjadala wa kuwapa diaspora hadhi maalumu umelenga pengo hili.

6.0 Ulinganisho mfupi

Kenya, kupitia ibara ya 65 ya Katiba ya mwaka 2010, na Uganda, kupitia Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998, zinamruhusu asiye raia kukodi ardhi kwa muda usiozidi miaka 99. Zanzibar, kwa sheria yake ya kondominia ya mwaka 2010, imefungua njia kwa wageni kumiliki sehemu za majengo. Mifumo hiyo yote inabana umiliki wa mgeni, lakini inamweleza bayana anachoweza kupata. Tanzania Bara imeeleza bayana asichoweza kupata.

7.0 Hitimisho

Uchambuzi huu umeonesha kwamba kwa mgeni anayetaka kuishi Babati, upangaji ulioandikwa, kulipiwa ushuru wa stempu na kuoanishwa na kibali cha ukaazi ndio ulinzi thabiti zaidi uliopo. Inapendekezwa kwamba Sheria ya Ardhi itamke wazi kuwa upangaji wa nyumba ya makazi kwa asiye raia, kwa muda usiozidi kibali chake, ni halali. Marekebisho hayo hayatampunguzia mwananchi ardhi yoyote. Yatamwondolea mgeni sababu ya kutafuta jina la kuazima, na yataiondolea familia ya mwenye jina hilo mgogoro ambao haikuuanzisha.