Mayi Safi, Potopoto Yenye Sumu



Kila kiangazi, mto Lubumbashi ukipunguka na mayi yakitulia, tunasikia watu wakisema: "Sasa mto uko safi." Tufafanue kidogo, juu banamama wengi wanalima lengalenga na shu pembeni ya mto huu na ya Kafubu, na mboga hizo njo tunakula na bukari.

Metali nzito, maana yake shaba, kobalti, zinki, risasi, kadmiumu na wenzake, hazikai sana mu mayi. Zinashikamana na chembe ndogo za udongo, majani yaliyooza na kutu ya chuma, halafu zinashuka pamoja mpaka chini. Njo maana mayi yanaweza kupimwa na kuonekana mazuri, kumbe potopoto ya chini imejaa. Mchanga mkubwa unashika kidogo. Potopoto laini inashika sana. Kwa hiyo wapimaji wengi wanachuja kwanza na kupima zile chembe zisizofika mikroni 63.

Tena metali haiozi. Maganda ya muhogo yanaoza, lakini risasi ya zamani ingali risasi. Kiwanda cha kuyeyusha shaba kilianza kazi Lubumbashi mwaka wa 1911. Vumbi na mabaki ambayo mvua inaosha tangu wakati ule yanalala chini ya mto, tabaka juu ya tabaka. Ukisukuma bomba ndani ya potopoto yenye kutulia na kuitoa nzima, unaisoma sawa daftari: juu ni miaka yetu, chini kabisa ni wakati wa mbele ya kiwanda. Daftari hilo ni la lazima kwetu, juu udongo wa Katanga wenyewe una shaba ya asili. Bila kulinganisha na tabaka la chini, ao na sehemu ya juu ya mto, hatuwezi kujua ni kiasi gani kimeletwa na kazi ya watu.

Vipimo vinavyotumiwa sana vinasema hivi: mu kilo moja ya potopoto kavu, shaba ikipita miligramu 149, risasi 128, zinki 459, ao kadmiumu karibu 5, mara nyingi wadudu wa chini ya mto wanaumia. Na wadudu hao njo chakula cha samaki.

Sasa, sumu inarudi kwetu kwa njia gani? Ya kwanza ni asidi. Ikiingia mu mto, metali zinaachia potopoto na kurudi mu mayi. Kadmiumu na zinki zinaachia mbio kuliko risasi. Ya pili ni mafuriko: mvua kubwa inainua potopoto na kuimwaga juu ya mashamba ya pembeni. Ya tatu ni mikono yetu: kuchimba mchanga, kusafisha mufereji na kuacha uchafu pale pale, ao kuchota potopoto nyeusi ili iwe mbolea.

Hii ya tatu inanisumbua sana mimi mtu wa agronomia, juu potopoto ile inadanganya macho. Shu inaweza kuota vizuri, majani ya kijani kabisa, na huku kadmiumu imeingia ndani. Kadmiumu inaharibu figo polepole. Risasi inaharibu akili ya batoto. Kuosha mboga kunatoa vumbi la juu, na tuoshe kweli, kwa mayi safi, mara mbili tatu. Lakini kilichoingia ndani ya jani hakitoki kwa kuosha wala kwa moto.

Tufanye nini? Tusichote potopoto ya mto kwa bustani. Mavi ya kuku na mabua ya mahindi yaliyooza yanatosha. Udongo wenye asidi tuutilie chokaa: pamoja na mbolea ya majani, inapunguza kadmiumu na zinki zinazoingia mu mimea. Pale mafuriko yanafika, tupande mahindi, nyanya ao biringanya, juu kwa kawaida mbegu na matunda yanabeba metali kidogo kuliko majani.

Na siye tuliosoma, mtu akituletea karatasi inayosema mayi ya mto ni mazuri, tumuulize kwa heshima: "Na potopoto, mulipima?"