Kinjeketile yupi?

Katika kusahihisha insha za wanafunzi kuhusu tamthilia ya Kinjeketile, nimekumbana mara nyingi na dai kwamba shujaa huyo alikuwa na shaka kama maji yangezuia risasi. Mwanafunzi huandika hivyo kana kwamba anasimulia historia. Hapo huiweka chini kalamu yangu nyekundu na kujiuliza: ni Kinjeketile yupi anayezungumziwa?

Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa na Wajerumani mwezi wa Agosti 1905, siku chache tu baada ya Vita vya Maji Maji kuanza. Kinjeketile wa Ebrahim Hussein, aliyechapishwa mwaka 1969, anaishi hata akashuhudia watu wake wakishindwa. Huyu anawasihi wapiganaji wangoje hadi wawe tayari, tena anahofia kwamba wakishamfukuza Mjerumani wataangukia mikononi mwa bwana mwingine. Hofu hiyo inanuka miaka ya sitini, pale Waafrika waliokwisha kupata uhuru walipoanza kuuliza uhuru huo ni wa nani.

Simlaumu mwandishi. Yeye mwenyewe ametahadharisha katika utangulizi kwamba mhusika wake ni zao la ubunifu, wala si yule mtu wa historia. Isitoshe, mawazo hayo mapya hayakupachikwa tu. Shaka ya Kinjeketile inazaliwa na mzigo alioubeba, nayo ndiyo inayoupa uzito uamuzi wake wa mwisho wa kukataa kuyakana maji.

Ninaowahofia ni sisi wasomaji. Tukizoea kumstahi mhenga pale tu anapowaza kama sisi, tutawadharau maelfu walioyapokea maji yale kwa imani kamili. Imani hiyo ndiyo iliyowaunganisha Wamatumbi, Wangindo, Wangoni na wengineo dhidi ya dola moja, watu ambao awali hawakuwa na jeshi moja wala mtawala mmoja. Waliamini, na hawakuwa wajinga.

Basi, mwalimu mwenzangu, unapoifundisha tamthilia hii, waulize wanafunzi wako: ni wazo lipi humu lingeweza kuzaliwa Ngarambe mwaka 1905, na ni lipi limetokana na mwaka 1969? Atakayeweza kuyatenga mawazo hayo, kisha akayaheshimu yote mawili, atakuwa amesoma fasihi na historia bila ya moja kuimeza nyingine.