Soma Tena Kabla ya Kutuma

Watu wengi wakishajua kusoma na kuandika Kiswahili hupenda kujifunza na Kiingereza. Ni jambo jema. Lakini kuandika ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kusahihisha ulichoandika.

Tuchukue mfano. Wafuga nyuki wanamwandikia mnunuzi kutoka nchi ya nje. Wanataka afike kijijini saa mbili asubuhi, achukue ndoo kumi na tano za asali. Katibu wao anaandika two o'clock, maana two ni mbili. Mahali pa fifteen, yaani kumi na tano, anaandika fifty. Hiyo ni hamsini. Barua inatumwa bila kusomwa tena.

Wafuga nyuki wanangoja tangu asubuhi. Mnunuzi anafika saa nane mchana, na gari kubwa la kubeba ndoo hamsini. Amekwisha kulipa gharama ya gari hilo. Je, mwaka ujao atarudi?

Kosa la saa lilitoka wapi? Sisi huhesabu saa tangu jua linapochomoza na tangu linapotua. Katika Kiingereza huhesabu tangu usiku wa manane na tangu adhuhuri. Tofauti ni saa sita. Saa mbili yetu ya asubuhi ni eight o'clock.

Makosa mengi hutokea mahali ambapo lugha hizi mbili hazifanani. Angalia mambo haya:

1. Saa na hesabu. Andika tarakimu pamoja na neno: 15, fifteen.

2. Mwanamume au mwanamke. Sisi husema "yeye" kwa wote. Kwa Kiingereza mwanamume ni he, mwanamke ni she. Ukikosea, mama mwenyekiti atageuka bwana.

3. Wingi. Sisi hubadili mwanzo wa neno: mtoto, watoto. Kwa Kiingereza maneno mengi huongezwa s mwishoni: ndoo moja ni bucket, ndoo nyingi ni buckets.

4. Wakati. Sisi husema tulivuna, tutavuna. Kwa Kiingereza jambo lililopita mara nyingi huonyeshwa mwishoni mwa neno: harvested. Jambo lijalo huwekewa neno mbele: will harvest.

5. Herufi. Kiingereza hakiandikwi kama kinavyotamkwa. Kisu ni knife, lakini k haisikiki. Tena, usichanganye r na l. Rice ni mchele, lakini lice ni chawa. Nani atanunua gunia la chawa? Ukiwa na shaka, tazama kamusi.

Sasa, tusahihishe namna gani?

Kwanza, ukimaliza kuandika, weka barua kando. Fanya kazi nyingine, kisha uirudie. Ukisoma papo hapo, utaona ulichotaka kuandika, si ulichoandika.

Pili, soma kwa sauti. Pitisha kidole chini ya kila neno.

Tatu, tafuta kosa la aina moja kwa mara moja. Mara ya kwanza angalia saa na hesabu tu. Mara ya pili angalia he na she. Endelea hivyo mpaka mwisho. Anayetafuta makosa yote kwa pamoja huyapita mengi.

Nne, mpe mwenzako asome. Mwombe akueleze kwa Kiswahili alivyoelewa. Akisema "ndoo hamsini", umelipata kosa kabla ya mnunuzi.

Na wewe mwalimu wa kisomo, usijaze wino mwekundu katika daftari la mtu mzima. Atakata tamaa. Piga mstari chini ya kosa, kisha mwache atafute jibu mwenyewe. Kosa alilosahihisha kwa mkono wake halisahau upesi.

Kusoma tena huchukua dakika chache. Kurudisha imani ya mnunuzi huchukua miaka. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Maswali

1. Kwa nini mnunuzi alifika saa nane mchana?

2. Mkutano ni saa tatu asubuhi. Kwa Kiingereza utaandika saa ngapi?

3. Andika barua fupi ya kumwalika mgeni. Mpe jirani yako aisome. Je, ameelewa siku, saa na mahali?