Kufuga Nyuki Uani: Haki ya Jirani, Haki ya Nyuki na Namna ya Kuanza

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na sahaba zake. Ama baad.

Tumeletewa suali na mama mmoja wa Unguja. Mumewe amerudi nyumbani na mzinga wa nyuki, anataka kuuweka uani nyuma ya jiko, watoto wapate asali na ziada iuzwe. Jirani yao, bibi mtu mzima anayeishi na wajukuu zake, amesema hataki. Mume anajibu kwamba ua ni wake, na kwamba nyuki wametajwa kwa kheri ndani ya Qur-ani. Mama anauliza: nani mwenye haki hapa? Na kama jambo lenyewe linafaa, waanzeje?

Suali hili lina pande mbili, upande wa sheria na upande wa ufugaji wenyewe. Hatuwezi kujibu mmoja tukauacha mwingine, kwa sababu hukumu ya jambo hufuata hali yake ilivyo. Kwa hivyo tutaanza na nyuki.

Nyuki gani unataka kuwafuga?

Visiwani kwetu kuna nyuki wa namna mbili. Wa kwanza ni nyuki wanaouma, tunaowajua sote, jamii ya nyuki wa Afrika. Hawa hutoa asali nyingi, lakini ni wepesi wa hasira. Ukiwagusa mchana wa jua kali wanaweza kutoka kwa mamia na kumfuata mtu masafa marefu. Pia ni wepesi wa kuhama: wakipata joto kali, siafu au njaa, utaamka ukute mzinga mtupu.

Wa pili ni nyuki wadogo wasiouma. Hujenga kwenye matundu ya miti na nyufa za kuta, na mlangoni pao huweka kijibomba kidogo cha nta. Hawana mwiba wa kuchomea. Ukiwachokoza sana watakuingia nywelini na masikioni, basi. Asali yao ni kidogo, lita moja au mbili kwa mwaka ni neema, lakini ina ladha ya pekee na watu huitafuta.

Rai yetu ni hii: ua wa nyumba, penye watoto na jirani ukuta kwa ukuta, ni mahali pa nyuki wasiouma. Nyuki wanaouma mahali pao ni shamba, mamia ya mita kutoka kwenye nyumba, njia, skuli, madrasa na malisho.

Tunasema haya kwa uzoefu uliotugharimu. Mzinga wetu wa kwanza tuliuweka shambani Pemba, tukaona uko mbali vya kutosha. Siku moja tukaufungua saa tano za asubuhi bila ya kumwambia mtu. Jirani alikuwa amemfunga mbuzi wake kamba upande wa pili wa migomba. Sisi tulikimbia, mbuzi hakuweza. Alikufa kabla ya adhuhuri. Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwamba hakuwa mtoto.

Sheria inasemaje?

Katika vitabu vya madhehebu yetu ya Kishafii imo mas-ala inayofanana sana na hiyo. Wanazuoni waliulizwa kuhusu nyuki wa mtu waliomuua ngamia wa mtu mwengine, na wakajibiwa kuwa mwenye nyuki hadhamini, kwa sababu nyuki hawadhibitiki na ada ya watu ni kuwaacha huru. Wako watu wanaoishika kauli hii wakadhani wamepata ruhusa. Lakini illa yake ni kutoweza kudhibiti. Nyuki huwezi kuwadhibiti, ila mahali pa kuuweka mzinga, saa ya kuufungua na kumpa khabari jirani, yote hayo umo uwezoni mwako. Anayeyapuuza amefanya uzembe, na tunaona mzembe anawajibika kwa kilichoharibika. Sisi tulimlipa jirani yetu thamani ya mbuzi wake, na hata kama pangekuwa na kauli ya kutuokoa tusingeitumia.

Kwa hivyo yule bibi ana haki ya kusikilizwa. Umiliki wa ua haumpi mtu ruhusa ya kumdhuru aliye upande wa pili wa ukuta, na haki ya jirani katika dini yetu ni nzito mno. Ama kutajwa kwa nyuki katika Suratun-Nahl, aya ya 68 na 69, ni kweli na ni utukufu kwao. Aya hizo zinataja makaazi yao milimani, mitini na katika wanayojengewa na watu, na zinataja ponyo iliyomo katika kinywaji chao. Hazikumwambia mtu ayajenge makaazi hayo dirishani kwa jirani yake.

Nyuki nao wana haki. Katika hadithi ya Ibn Abbas aliyoipokea Abu Daud, Mtume (S.A.W.) amekataza kuuliwa wanyama wanne, na nyuki ni mmoja wao. Ile tabia ya kuwachoma nyuki kwa mwenge wa makuti ili kupata asali ni kosa kwa njia mbili: ni kuua kiumbe kilichokatazwa, na ni kuua kwa moto. Moshi mdogo wa kuwatuliza hauna ubaya. Moshi huifunika harufu wanayoitoa wanapoitana kushambulia, na huwafanya washughulike kujaza matumbo asali, wakawa wapole.

Kuanza na nyuki wasiouma

Tafuta kundi lililo kwenye gogo lililoanguka au mti unaokatwa. Likiwa katika shamba la mtu, omba ruhusa. Nyuki wa porini ni halali kwa anayewahi kuwachukua, lakini shamba lina mwenyewe.

Njia nyepesi ni kulikata gogo lenyewe pande zote mbili, kuziba ncha kwa udongo au mbao, na kulitundika uani chini ya paa. Njia ya pili ni kuwahamishia kwenye kisanduku cha mbao nene. Fanya kazi hiyo jioni. Wahamishe majana pamoja na malkia, kwa mkono mwepesi. Vijungu vya asali vilivyopasuka usivitie ndani, maana harufu yake huita sisimizi na vijinzi vinavyotaga humo. Ziba nyufa zote, uache tundu moja dogo, na pale mlangoni ubandike kile kijibomba chao cha nta wapate kupatambua kwao. Kisha waache miezi kadhaa bila ya kuwafungua.

Kuanza na nyuki wanaouma shambani

Mzinga wa vibao vya juu unatosha: sanduku refu lililofunikwa kwa vibao vilivyopangwa bega kwa bega, kila kimoja upana wa milimita 32, kwani huo ndio upana wa sega la nyuki wetu pamoja na njia yao. Paka nta mstari katikati ya kila kibao ili wajenge kwa kunyooka. Paka nta pia ndani ya mzinga, uutundike, usubiri. Nyuki huja wenyewe, hasa wakati miti inapochanua. Wenye haraka huchoka, lakini mzinga safi wenye harufu ya nta haukai bure muda mrefu.

Kivuli ni lazima. Nyuki huyaweka majana yao katika joto la nyuzi 34 hadi 35, na nta huyeyuka ikifika nyuzi 62 au 64, lakini hulegea mapema zaidi. Mzinga uliopigwa na jua la kaskazi masega yake hukatika na nyuki wakahama. Uweke chini ya mwembe, mlango usielekee upepo wa kusi wala mvua ya masika.

Maji yawepo karibu, kwenye sinia lenye vijiwe vya kukanyagia, wasije wakayafuata kwenye birika la udhu la msikitini. Nyaya za kutundikia zipakwe grisi kuzuia siafu.

Chakula tunacho: mnazi unachanua mwaka mzima, iko mikoko, miembe na michungwa. Mikarafuu msiitegemee sana, kwani karafuu huchumwa kabla ya ua kufunguka.

Ufungue mzinga jioni au usiku, ukiwa na bomba la moshi, wavu wa uso, glavu na mwenzako mmoja. Kwanza mpe khabari sheha, na muulize ofisa wa misitu wa wilaya kuhusu taratibu. Vuna masega yaliyofunikwa kwa nta tu, na uwaachie nyuki sehemu yao. Asali isiyofunikwa ina maji mengi, itachacha.

Mtu akiumwa, aondoke hapo kwa mbio, aingie ndani, na mwiba ukwanguliwe mara moja. Akivimba uso au koo, akikosa pumzi au akiumwa na nyuki wengi, apelekwe hospitali saa ile ile. Kumsomea dua njiani ni jambo jema, kumchelewesha kwa ajili ya dua si jema.

Asali ikishapatikana

Hapa tunawaomba wazee watusikilize. Mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asipewe asali, hata kwa ncha ya kidole. Asali inaweza kubeba vijidudu ambavyo mkubwa hadhuriki navyo, lakini tumbo la mtoto mchanga haliviwezi, na sumu yake hulegeza viungo hata pumzi. Wengi wetu hutumia asali katika kumfanyia mtoto tahniki. Sunna iliyothibiti ni ya tende, na waliotaja kitu kitamu badala yake walikitaja pale tende inapokosekana. Tende zipo. Ulainishe kidogo upake, na hata hilo muulize daktari.

Asali ya nyuki wasiouma ni nyepesi na huchacha upesi, iwekwe kwenye friji. Kuchacha kukifika kiasi cha kulewesha, ni haramu.

Ukiuza, usitie sukari wala maji. Hiyo ni ghishi. Ama zaka, katika madhehebu ya Kishafii asali yenyewe haina zaka, na Mahanafi na Mahanbali wanaona ina moja ya kumi. Aliyeifanya bidhaa ya biashara, thamani ikafika nisabu na mwaka ukapita, atatoa zaka ya biashara, asilimia 2.5.

Jawabu kwa mama

Mzinga wa nyuki wanaouma uondoke uani uende shamba. Uani watundike gogo la nyuki wasiouma, baada ya mume kwenda mwenyewe kwa yule bibi, amwombe radhi kwa maneno yaliyopita, na amwonyeshe nyuki wale kwa macho yake. Tunatumai ataridhia. Asiporidhia, asilazimishwe, gogo nalo liende shamba. Na asali ya mwanzo ikipatikana, kikombe cha kwanza kipelekwe kwake.

Wallahu a'lam.