Sura ya nyota, pochi ya mtazamaji

Mwaka 1990, nyota aliyeonekana akinadi bidhaa kwenye televisheni ya Marekani alihesabiwa kuwa amekwisha. Joan Rivers alilijua hilo vizuri. Mchekeshaji huyo alinyang'anywa kipindi chake cha usiku kwenye televisheni ya Fox mwaka 1987, na miezi michache baadaye mumewe, Edgar Rosenberg, akajiua. Kazi zikakauka. Ndipo akaenda QVC, duka la televisheni lenye makao yake West Chester, Pennsylvania, akaanza kuuza vito vya bei nafuu vilivyoiga mitindo ya vito vyake mwenyewe. Wenzake wa Hollywood walimcheka. Yeye akaendelea kuuza mpaka alipofariki Septemba 2014.

Miongoni mwa bidhaa zake ilikuwamo moja isiyo na mbwembwe hata kidogo: Great Hair Day, poda yenye rangi ya nywele, inayopakwa kwa brashi kwenye ngozi ya kichwa pale nywele zilipopungua. Upara unafichika, kichwa kinaonekana kimejaa. Msichana wa miaka 20 asingeweza kuuza kitu kama hicho. Hana anachoficha, na mnunuzi anajua kwamba hana.

Poda hiyo inatupa kipimo cha biashara nzima ya vipodozi vyenye majina ya watu maarufu. Biashara hiyo ni kongwe kuliko televisheni, na hila zake ni nyingi. Lakini ukiifuatilia toka mwanzo unakuta bidhaa za aina mbili: zilizozaliwa na shida iliyokuwa kwenye uso wa mtu, na zilizozaliwa na jina lililokuwa linatafuta kitu cha kubandikwa.

Taa za Hollywood

Max Factor, mtengeneza wigi kutoka Poland aliyewahi kuwapamba waigizaji wa jumba la kifalme la Urusi, alihamia Marekani mwaka 1904, kisha akahamia Los Angeles wakati mji huo unaanza kuwa wa filamu. Alikuta waigizaji wanajipaka rangi za jukwaani, mafuta mazito ambayo yakikauka yanapasuka. Ukumbini, mtazamaji wa kiti cha nyuma hakuona kitu. Kamera ilipomsogelea mwigizaji, kila ufa ulionekana. Mwaka 1914 Factor akatengeneza rangi nyembamba inayonyumbulika pamoja na uso, na kuanzia hapo studio zikawa wateja wake.

Shida ya pili ilikuja na filamu za rangi. Taa za Technicolor, mfumo wa kupigia filamu hizo, zilikuwa kali na za moto, na mafuta ya usoni yaling'aa na kuakisi rangi za jirani: mwigizaji akisimama karibu na pazia jekundu, shavu nalo linaiva. Jawabu likawa Pan-Cake, poda iliyoshindiliwa kwenye kisahani na kupakwa kwa sponji iliyoloweshwa maji. Ilitumika kwenye filamu ya Vogues of 1938, iliyotoka mwaka 1937, na waigizaji wa kike wakawa wanaondoka nayo kimyakimya kwenda kujipaka nyumbani. Wizi huo mdogo ndio uliowaonyesha akina Factor kwamba soko lipo nje ya studio. Pan-Cake ikaingia madukani, na ilibidi rangi zake zipunguzwe ukali, maana zilitengenezwa kwa ajili ya taa za filamu na usiku mtaani zilimfanya mtu aonekane mweusi kuliko alivyo.

Matangazo yake yalikuwa rahisi kupita kiasi. Nyota wa filamu alionekana gazetini na kopo la Max Factor kwa malipo ya jina tu, dola moja, na tangazo hilohilo likataja filamu yake mpya. Studio ilipata tangazo la bure, kampuni ikapata sura. Picha zenyewe hazikuachwa hivihivi. Mpiga picha maarufu wa enzi hizo, George Hurrell, alimulika uso kwa taa chache zenye vivuli vizito, kisha negativu zikapitiwa kwa penseli mpaka mikunjo na madoa yakatoweka. Ule uzuri wa zamani tunaousifu leo uliishi kwa kukaa mbali na mtazamaji.

Na haukuwa wa kila mtu. Mwaka 1935 Factor alifungua saluni ya fahari kwenye mtaa wa Highland, jengo ambalo leo ni Makumbusho ya Hollywood. Ilikuwa na vyumba vinne vilivyogawanywa kwa rangi za nywele, na kuta za kila chumba zilipakwa rangi ya kumpendeza mwenye nywele hizo. Mwanamke mweusi hakuwa na chumba chake. Studio ya MGM ilipomwajiri mwimbaji Lena Horne miaka ya 1940, aliagiziwa kwa Max Factor rangi maalumu iliyoitwa Light Egyptian. Horne alisimulia mara nyingi kilichofuata: rangi ile ikaanza kupakwa waigizaji wazungu wapewe nafasi za wanawake chotara. Kwenye filamu ya Show Boat ya mwaka 1951, nafasi ya Julie aliyoitamani alipewa Ava Gardner.

Saa inayorudi nyuma

Duka la televisheni lilianza na deni. Mwaka 1977 kituo kimoja cha redio huko Clearwater, Florida, kilimdai mteja wa matangazo, naye akalipa kwa vifaa 112 vya umeme vya kufungulia makopo. Mtangazaji Bob Circosta akavinadi hewani kwa dola 9.95 kimoja, vikaisha. Mwenye kituo, Bud Paxson, akaelewa ameokota nini. Mwaka 1982 yeye na mshirika wake wakahamishia wazo hilo kwenye televisheni ya kebo, na mwaka 1985 likaenea nchi nzima kwa jina la Home Shopping Network, HSN. QVC ikafuata mwaka 1986. Katikati ya hayo, mwaka 1984, serikali ya Marekani iliondoa ukomo wa muda wa matangazo ya biashara kwenye televisheni. Tangazo likaruhusiwa kuchukua nusu saa nzima, na kampuni kama Guthy-Renker, iliyoanzishwa mwaka 1988, zikajenga biashara zake humo.

Ukikaa mbele ya duka hilo unaelewa haraka kwa nini watu hawabadilishi chaneli. Pembeni mwa skrini bei ya kawaida imepigwa mstari na bei ya leo imewekwa chini yake. Saa inahesabu kurudi nyuma. Mtangazaji anapaka krimu nusu ya uso wa mwanamitindo, anaiacha nusu nyingine kavu, kamera inasogea mpaka vinyweleo vinahesabika. Kwenye chumba cha mitambo kuna mtayarishaji anayeangalia mauzo dakika kwa dakika. Neno fulani likivuta wanunuzi, anamwambia mtangazaji kwenye kifaa cha sikioni alirudie. Kisha inaunganishwa simu ya mteja, anaanza kusifu poda na kuishia kusimulia harusi ya binti yake, na nyota anamsikiliza kama shoga yake wa siku nyingi. Bei inalipwa kwa mafungu. Ukijuta, una siku 30 za kurudisha.

Hapo ndipo waigizaji waliozeeka walipopata pa kusimama. Hollywood haikuwa na kazi kwa mwanamke aliyevuka miaka 50, lakini duka la televisheni lilimhitaji hasa kwa sababu amevuka. Connie Stevens alikuwa kipenzi cha vijana kwenye tamthilia ya Hawaiian Eye kati ya mwaka 1959 na 1963. Alipoanza kuuza vipodozi vyake vya Forever Spring kupitia HSN, wasichana waliomtazama enzi hizo walikuwa watu wazima wenye bili za kulipa na mikunjo ileile aliyokuwa nayo yeye. Alikuja na nywele zake za dhahabu na kope ndefu, mrembo wa kizamani kweli, ila sasa amekaa umbali wa kiti cha jirani na anaeleza jinsi ya kupaka rangi chini ya macho isijikusanye kwenye mikunjo. Somo hilo haliwezi kutolewa na mtu ambaye hajawahi kulihitaji.

Victoria Principal, Pamela wa tamthilia ya Dallas, aliingia kwa mlango mwingine. Aliiacha tamthilia hiyo mwaka 1987, na mwaka 1991 akashirikiana na Guthy-Renker kutoa Principal Secret, vipodozi vya ngozi vilivyouzwa kwa vipindi virefu vilivyorekodiwa. Mtindo huu wa biashara ndio ulioleta ujanja uliowaliza wengi: unanunua kifurushi cha kwanza kwa bei ya kutupa, na kwa kukinunua umekubali kutumiwa kingine na kingine huku kadi yako ikikatwa, mpaka utakapopiga simu kujitoa. Faida haipo kwenye kopo la kwanza.

Mwaka 2004 kampuni hiyohiyo ikaja na Meaningful Beauty, ya mwanamitindo Cindy Crawford na daktari wa Paris, Jean-Louis Sebagh. Siri yake ilielezwa kuwa ni tikiti adimu la kusini mwa Ufaransa linalochelewa kuoza. Hadithi tamu. Tatizo ni kwamba uso wa Crawford ulikuwa kwenye majalada ya magazeti tangu miaka ya 1980, tikiti lenyewe halijasikika.

Mwanafunzi wa Nairobi

Kipimo cha shida ya uso kinamfaa mwanamitindo Iman kuliko mtu yeyote. Alizaliwa Mogadishu mwaka 1955, binti wa mwanadiplomasia, na mwaka 1975 alikuwa mwanafunzi wa sayansi ya siasa Chuo Kikuu cha Nairobi pale mpiga picha Mmarekani, Peter Beard, alipomwona barabarani. Beard aliwaambia waandishi wa New York kwamba amemwokota porini akichunga mbuzi. Msichana huyo alizungumza lugha tano. Uongo ule ulivutia magazeti, nao ulimkera Iman kwa miaka mingi.

Kwenye kazi zake za mwanzo kwa jarida la Vogue, mwaka 1976, mpambaji alimuuliza kama amekuja na faundesheni yake. Hakuelewa swali, maana mwanamitindo mzungu aliyekuwa naye hakuulizwa. Mpambaji akachanganya alichokuwa nacho, akampaka, na picha zilipotoka uso ulikuwa wa kijivu. Tangu siku hiyo Iman alizunguka madukani kununua kila faundesheni yenye dalili ya weusi, akazichanganya mwenyewe, akajipiga picha za Polaroid kuona zinavyotoka, na kila alipoitwa kazini akaenda na mkorogo wake.

Mwaka 1994 mchanganyiko huo ukawa kampuni, Iman Cosmetics, ikiuzwa kwanza katika maduka ya JCPenney na ikiwalenga wanawake weusi, Waasia na Walatino ambao kaunta nyingi ziliwapa rangi mbili au tatu za kuchagua. Mwaka 2007 naye akaingia HSN, akiuza mavazi na mapambo kwa jina la Global Chic. Kufikia wakati huo aibu ya kuuza kwenye televisheni ilishakwisha.

Mwaka 2017 ukaleta matukio mawili kwa mpigo. Kampuni mama ya QVC iliinunua HSN, mahasimu wa miaka 30 wakawa nyumba moja, kwa kuwa wateja walikuwa wamehamia mtandaoni. Septemba ya mwaka huohuo mwimbaji Rihanna alizindua Fenty Beauty ikiwa na faundesheni za rangi 40, na zile nyeusi kabisa zikaisha madukani upesi. Alichofanya Rihanna kwa mtaji mkubwa na kwa kishindo, Iman alikuwa amekifanya miaka 23 nyuma. Nyota wa televisheni Kylie Jenner naye, tangu mwaka 2015, alishaonyesha kwamba simu ya mkononi inatosha kuwa studio ya kuuzia vipodozi.

Sisi wa Afrika Mashariki hatukupitia duka la televisheni. Tuliruka moja kwa moja kwenye simu. Mwigizaji Wema Sepetu aliwahi kutoa lipstiki yenye jina lake Tanzania, nyota wa mitandaoni Huddah Monroe akaanzisha vipodozi vyake Kenya, na kila wiki kuna msanii anayeuza kitu mubashara Instagram akiwa na mbinu zilezile za Florida: mzigo umebaki kidogo, bei ni ya leo tu, dada mmoja amepiga simu kushukuru. Kwa upande mwingine yupo mpambaji Suzie Wokabi wa Nairobi, aliyeanzisha SuzieBeauty kwa ajili ya ngozi za wanawake wa huku baada ya miaka ya kuzipamba kwa mikono yake. Jina lake halikuwa kubwa kama la wasanii. Alichokuwa nacho ni ujuzi wa ngozi hizo.

Kwa hiyo kabla ya kutuma pesa, muulize muuzaji maswali aliyoweza kuyajibu Joan Rivers: kinatatua shida gani, na wewe ulikihitaji lini? Angalia kama viambato vimeandikwa kwenye kopo, hasa ukiahidiwa weupe wa siku saba. Hidrokwinoni na zebaki, zinazotiwa kwenye baadhi ya krimu za kung'arisha ngozi, hazigeuki salama kwa kubandikwa picha ya mtu mashuhuri. Kama ni faundesheni, usiijaribu mgongoni mwa mkono. Paka kidogo kwenye taya, toka nje, jitazame juani. Taa za duka, kama zilivyo taa za studio, zimefungwa kwa faida ya anayeuza.