Kegi ya Moto Haitaki Kupunguziwa Gesi

Muuzaji anapoona glasi imejaa povu tupu, mkono wake hukimbilia geji na kupunguza gesi. Povu hutulia kwa glasi mbili tatu, kisha hurudi kwa fujo kuliko mwanzo. Kosa hilo ni rahisi kulielewa, kwa kuwa kinachoonekana ni gesi nyingi, lakini linamgharimu. Kegi ya lita 50 ni glasi 100 za nusu lita. Zikimwagika lita kumi kama povu, glasi 20 zimekwenda na maji, na mara nyingi faida ya siku ilikuwa humo. Ukweli ni kinyume: kegi yenye joto huhitaji presha zaidi. Bia baridi huishika gesi iliyoyeyuka ndani yake, bia ya moto huiachia. Lager ya kawaida hubeba takriban lita mbili na nusu za gesi kwa kila lita ya bia. Ikiwa na nyuzi 3 za Selsiasi, presha isiyofika bar 1 kwenye geji inatosha kuizuia isitoroke. Ikiwa na nyuzi 25, zinatakiwa zaidi ya bar 2. Ukishusha presha chini ya hapo, gesi hujitenga ndani ya kegi na mpira wa kupitishia bia, na kinachofika kwenye koki tayari ni povu.

Mji wa Isaka una sababu za kulijali jambo hili. Bia ikitoka viwandani Mwanza husafiri juani na kutikisika njia nzima, kwa hiyo kegi inapaswa kupumzishwa kivulini kabla ya kufunguliwa. Tena mji uko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam. Kwa kuwa geji hupima tofauti kati ya presha ya ndani na hewa ya nje, hapa inabidi isome juu kidogo, kama bar 0.1, ili kuishika gesi ileile.

Atakayepinga atasema kwamba presha kubwa itairusha bia nje kama maji ya bomba lililopasuka. Ni kweli, ikiwa mpira ni mfupi na mpana. Dawa yake ni mpira mwembamba na mrefu, ambao unaizuia bia na kuila presha polepole njiani, kisha koili ya chuma iliyozamishwa kwenye ndoo ya barafu, ili bia ifike kwenye koki ikiwa baridi. Koki nayo ifunguliwe yote kwa mara moja, maana ya nusu hutengeneza povu, na glasi iwe safi, imesuuzwa kwa maji baridi, imeinamishwa.

Kwa nini basi kegi yenyewe isizikwe kwenye barafu? Kuzishusha lita 50 kutoka nyuzi 28 hadi 3 kunahitaji kilo 16 hivi za barafu, hata kama hakuna baridi inayopotea, na katikati ya kegi huchelewa kupoa kwa saa nyingi. Koili haipunguzi barafu kwa kila lita, ila inapooza bia inayouzwa tu, na mteja hasubiri. Wala kegi si ya hoteli kubwa peke yake: nchini Kenya, bia ya Senator iliyoanza 2004 iliuzwa kwa kegi katika baa ndogo za mitaani, ikisaidiwa na unafuu wa ushuru, ili kuwavuta watu kutoka kwenye pombe kali ya kienyeji, chang'aa.

Presha isizidi kiwango kilichoandikwa kwenye kegi na vifaa vyake, na mtungi wa gesi usiwekwe kwenye chumba kisicho na hewa, kwani gesi hiyo hutuama sakafuni na inaua. Kwa mteja anayeulizwa "ya moto au ya baridi?" na kuchagua ya moto, jibu ni jingine kabisa. Ndani ya glasi hakuna presha ya kuizuia gesi, hivyo bia ya moto kutoka kegi itatoa povu hata mpira uwe mrefu kiasi gani. Huyo auziwe ya chupa.