Usipeleke mali kabla ya karatasi

Jumapili iliyopita shemeji yangu alinitembelea nyumbani. Yeye ni fundi seremala, ana karakana ndogo na vijana watatu. Baada ya chai akanionyesha simu ya mwanawe. Ndani yake kulikuwa na tangazo la halmashauri moja, inataka meza na viti vya shule za sekondari. Akaniuliza, "Shemeji, wewe mtu wa redio unazijua hizi habari. Niingie au nisiingie?"

Sikumjibu upesi, maana tunayo kumbukumbu. Mwaka 2016, mtakumbuka, Serikali iliagiza kuwa ifikapo Juni 30 asiwepo mwanafunzi anayekaa sakafuni. Nchi nzima ikawa inapiga randa. Shemeji alipigiwa simu na ofisa wa halmashauri, ambayo leo sitaitaja, akaambiwa, "Fundi, anza kazi, karatasi zitafuata." Akakopa mbao, akatengeneza madawati 120 kwa shilingi 60,000 kila moja, akayapeleka katika shule mbili. Karatasi hazikufuata. Ofisa yule akahamishwa. Shemeji akawa anadai shilingi 7,200,000 bila ya kuwa na hata kipande kimoja cha kuonyesha kuwa halmashauri ilimwagiza.

Basi leo nataka tuzungumze jinsi halmashauri zetu zinavyonunua, kwa faida ya fundi, mwenye duka na mama anayeshona sare, ambao husikia neno "tenda" wakadhani ni jambo la wakubwa.

Tuanze na wakati. Mwaka wa fedha wa Serikali unaanza Julai 1 na kwisha Juni 30. Kila halmashauri hutakiwa kuwa na mpango wa ununuzi wa mwaka mzima, unaotokana na bajeti iliyopitishwa na Baraza la Madiwani. Kitu kisichokuwamo katika mpango huo kwa kawaida hakina fedha. Kwa hiyo mfanyabiashara mwenye akili hasubiri tangazo. Mwezi wa Julai anatafuta mpango wa mwaka, anaona kama viti vimo, na vitahitajika robo ipi ya mwaka. Akiona halmashauri inahangaika kununua mwezi wa Juni kitu ambacho hakikupangwa, ajiulize mara mbili.

Zamani zabuni zilitumbukizwa katika sanduku lenye kufuli, likafunguliwa mbele ya waombaji na bei zikasomwa kwa sauti. Sanduku hilo sasa limekwisha kazi yake. Tangu mwaka 2023 ununuzi wa umma unafanyika kwa njia ya mtandao, katika mfumo uitwao NeST, na mwaka huo huo Bunge likapitisha Sheria mpya ya Ununuzi wa Umma, Namba 10, badala ya ile ya mwaka 2011. Humo ndimo unamojiandikisha, ukaona matangazo na kupeleka bei yako. Unahitaji namba ya mlipa kodi, yaani TIN, leseni ya biashara inayolingana na kazi unayoiomba, na usajili wa jina la biashara au kampuni. Nasema inayolingana kwa sababu maalumu: mwenye leseni ya kuuza vifaa vya ofisi akiomba kujenga choo cha shule, ataondolewa hata kama bei yake ni nzuri kuliko zote.

Na hapa ndipo wengi wanapoumia. Watu hudhani zabuni ni mnada wa kurudi nyuma, kwamba mwenye bei ndogo ndiye mshindi. Sivyo. Kamati ya tathmini huangalia kwanza kama umetimiza masharti: fomu zimejazwa zote, umetia sahihi panapotakiwa, vyeti viko hai, na mali unayoitoa ndiyo iliyotakiwa. Kama wametaka meza ya mbao ngumu yenye miguu ya chuma, wewe ukaandika "meza nzuri ya shule", bei yako haitafika hata kutazamwa. Waliobaki baada ya mchujo huo ndio wanaolinganishwa kwa bei, tena baada ya kusahihisha makosa ya hesabu. Nimewahi kukutana na mkandarasi aliyelia kuwa ameonewa. Nilipoomba kuona makaratasi yake nikakuta cheti kilichokwisha muda miezi miwili kabla. Uonevu upo, sikatai. Lakini siku ile haukuwa uonevu.

Je, nani anaamua? Si diwani. Naomba nilirudie hili, kwa sababu madiwani wenyewe husumbuliwa kila asubuhi na watu wanaotaka tenda. Idara yenye shida hueleza inachokitaka, Kitengo cha Ununuzi huandaa makabrasha, kamati ya tathmini hupima, Bodi ya Zabuni huidhinisha, na Mkurugenzi, ambaye ndiye Afisa Masuuli, hutia sahihi mkataba. Diwani si mjumbe wa Bodi hiyo. Kazi yake ni kupitisha bajeti na kuuliza baadaye kama mali imepatikana kwa bei ya haki. Kwa hiyo anayekuja kwako usiku akisema atakupitishia jina kwa asilimia kumi, ama anakudanganya, ama anakuingiza katika kesi ya TAKUKURU pamoja naye.

Kabla ya mkataba, walioomba wote hupewa taarifa ya kusudio la kumpa fulani kazi, na waliokosa huelezwa sababu. Hapo una siku chache tu za kazi za kulalamika kwa Mkurugenzi, na usiporidhika unakata rufaa kwa mamlaka ya rufani za zabuni, PPAA. Ukikaa kunung'unika kijiweni mpaka siku zikapita, haki yako imepita nazo.

Kwa mtu mdogo ipo milango mingine miwili. Wa kwanza ni ule wa makundi maalumu. Sheria inazitaka taasisi za umma zitenge asilimia 30 ya ununuzi wao kwa vikundi vya vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Pa kuanzia ni kwa Afisa Maendeleo ya Jamii. Mlango wa pili ni ujenzi ambao halmashauri hausimamia yenyewe kwa kutumia mafundi wa mahali, bila mkandarasi mkuu. Madarasa 15,000 yaliyojengwa mwaka 2021 kwa fedha za mkopo wa IMF, mengi yalijengwa hivyo. Pale shuleni huundwa kamati ya ununuzi, kamati ya mapokezi na kamati ya ujenzi, na mwenye duka la saruji wa kata ile anaweza kuombwa bei.

Sasa nirudi kwa shemeji, maana shida yake haikuwa kushinda zabuni. Ilikuwa kulipwa.

Halmashauri inapokuagiza mali, inatakiwa kukupa hati ya kuagiza, ile tunayoiita LPO. Si karatasi ya kuandikwa kwa mkono. Inatoka katika mfumo wa malipo wa Serikali, na ikitoka maana yake fedha yako imekwisha tengwa katika kasma yake. Wizara ya Fedha imeonya mara nyingi kuwa anayetoa mali bila LPO ya mfumo amejitakia. Maneno makali, lakini heri uyasikie kabla ya kukopa mbao. Ukipewa LPO usione haya kwenda kwa Mweka Hazina na kuuliza kama namba ile imo.

Ukishapeleka mali, usiondoke. Kamati ya mapokezi ihesabu, ikague, na mtunza ghala akupe hati ya kupokelea, yenye sahihi na mhuri. Ndipo upeleke ankara yako. Katika hesabu zako usisahau kuwa watakata asilimia 2 ya kodi ya zuio kwa mali uliyouza, na wakikulipa utatakiwa kutoa risiti ya mashine. Tena bei yako ibebe gharama ya kungoja. Hata mwenye karatasi zote anaweza kukaa miezi, na aliyekopa kwa riba ya kila mwezi atakuta faida yote imeliwa. Hii nailaumu Serikali waziwazi: haiwezekani fundi atozwe faini akichelewesha viti, na halmashauri ikichelewesha fedha isiulizwe.

Shemeji alilipwa mwaka 2019, madeni ya wazabuni yalipohakikiwa. Hakulipwa yote. Mwalimu mkuu wa shule ya kwanza, mtu mwangalifu, alikuwa amemwandikia barua yenye mhuri kuwa amepokea madawati 70. Kwa barua hiyo akapata shilingi 4,200,000. Mwalimu wa shule ya pili alishukuru kwa mdomo, kisha akahama. Madawati yale 50 yapo, watoto wanayakalia, nami nimeyaona kwa macho yangu. Mkaguzi aliuliza karatasi, ikakosekana. Shilingi 3,000,000 mpaka leo hazijaonekana.

Nilimwambia aingie. Ajiandikishe, asome masharti na mwanawe mstari kwa mstari, aweke bei ambayo hatajutia akingoja miezi sita, na asiguse ubao hata mmoja kabla LPO haijatoka. Akaniuliza, "Na wakipiga simu wakisema karatasi zitafuata?" Nikamwambia awajibu kuwa na viti vitafuata.

Wiki ijayo, Mungu akipenda, nitajibu barua za wasikilizaji walioniuliza juu ya ile mikopo ya asilimia kumi ya halmashauri.